Msituambie Kazi ni Kazi

Agosti iliyopita nilipewa maiki kwenye harambee, nikadanganya mbele ya watu kama mia moja.

Harambee yenyewe ilikuwa ya karo. Binti wa jirani yetu hapa Katelembo alikuwa amepata alama za kumpeleka chuo kikuu, na wazazi wake wakafanya kile ambacho mzazi wa huku hufanya: wakakodi tenti mbili na viti vya plastiki, wakachemsha muthokoi, wakaita kanisa, chama, ukoo na yeyote aliyewahi kula kwao. MC alipoona mchango umeanza kulegea akaniita. "Sasa tumsikie kijana wetu mwenye digrii. Huyu ni wa hapa hapa, hatukumtoa mbali." Nikasimama. Nikasema elimu ni ufunguo. Nikasema hata mimi nilichangiwa hivi hivi na leo nashukuru. Watu wakapiga makofi, nami nikatia mia mbili kwenye kikapu. Hiyo mia mbili nilikuwa nimeikopa kwa simu asubuhi hiyo.

Baada yangu akasimama mgeni wa heshima. Akasema vijana wa siku hizi wana shida moja tu: wanachagua kazi. "Kazi ni kazi!" akatangaza, na tenti zote mbili zikaitikia. Mimi pia niliitikia.

Tulipokuwa tukipanga viti, yule binti akanisogelea akaniuliza kwa upole, "Kwani wewe siku hizi unafanya wapi?" Nikamjibu, "Niko kwa mambo ya hesabu." Halafu nikabeba viti sita kwa mpigo nikaenda zangu.

Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

*

Nina digrii ya takwimu. Miaka minne, daraja la pili la juu, na picha yangu ya joho iko ukutani kwa mwaitu karibu na kalenda ya kanisa. Ardhi ya huku kwetu ilikuwa ya ranchi ya ushirika kabla wanachama kugawiwa vipande vyao, na katika kile alichobaki nacho mzee wangu, robo ekari ilienda kwa karo yangu. Mwenye kuinunua amejenga. Kila nikitoka nyumbani napita mbele ya geti lake.

Kazi yangu ni duka la hadiwea, Machakos tauni. Nahesabu misumari kwa kilo, mabati kwa geji, simiti kwa mifuko. Naandika risiti. Wapakiaji wakipungua, napakia. Kwa siku ni shilingi 500, na siku zenyewe ni tatu au nne kwa wiki, kulingana na vile bosi ataamka. Jioni, simu ikilia, najua kesho ipo. Isipolia, kesho naenda kukaa kwa saiba ya rafiki yangu, najazia watu fomu za ushuru na kuwachapia wanafunzi kazi zao, tunagawana kinachopatikana. Kwa mwezi mzuri, duka linanipa shilingi 8,000.

Sasa, mimi nimeajiriwa au sijaajiriwa?

Swali hili nililisomea. Kwa kipimo cha kimataifa kinachofuatwa hata na takwimu zetu za nguvukazi, mtu aliyefanya kazi kwa malipo japo saa moja katika siku saba zilizopita anahesabiwa kuwa ana ajira. Saa moja. Ukichoma mahindi kwa saa moja Jumanne, wiki hiyo wewe si mkosa kazi. Kipimo hiki kina sababu zake na wataalamu wana safu nyingine ya kuwahesabu wanaofanya saa chache kuliko wanavyotaka. Lakini hiyo safu nyingine haifiki kwenye hotuba. Kinachofika kwenye hotuba ni kile kiwango kidogo cha wasio na kazi, na sisi wengine wote tunamezwa ndani ya neno "ajira" kama chumvi kwenye sufuria.

Mwaka 2019, nikiwa bado mwanafunzi, nilikuwa karani wa sensa. Nilizunguka na kile kitablet boma kwa boma, nikiuliza watu walichokuwa wakifanya siku saba kabla ya usiku wa tarehe 24 Agosti. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa akivunja kokoto kwa nyundo kando ya barabara. Nilibofya kwamba anafanya kazi, nikaenda boma lingine. Nilikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa mafunzo tuliyopewa. Siku hizi ndio naelewa ni kitu gani nilikuwa nabofya.

Hali hii naiita ajira pungufu. Si kukosa kazi. Ni kuwa na kazi isiyotosha saa, isiyotosha pesa, au isiyogusa hata robo ya kile ulichofundishwa. Mimi nimebahatika, ninazo zote tatu.

*

Msemo wa "kazi ni kazi" unasikika kama heshima kwa mfanyakazi. Uangalie vizuri. Umewahi kuusikia ukisemwa kuelekea juu? Wabunge wanapodai marupurupu, kuna anayewaambia kazi ni kazi? Wakili akikupa bili, unamwambia kazi ni kazi? Unasemwa kwenda chini tu, na mara nyingi unasemwa na mtu ambaye yuko karibu kukulipa kidogo, au ambaye angeulizwa kwa nini wengine wanakulipa kidogo.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimelisikia mezani kwetu. "Kwa hivyo wewe unadharau mama mboga? Unadharau watu wa boda?" Mwaitu ni mama mboga. Amesimama soko la Machakos tangu nikiwa darasa la pili, na kama kuna mtu aliyenifundisha uchumi kabla ya chuo ni yeye. Saa kumi na moja asubuhi anapofika kununua nyanya, anafungua kreti, anaingiza mkono hadi chini, anabonyeza, ananusa, ndipo anauliza bei. Sijawahi kumsikia akisema nyanya ni nyanya. Angesema hivyo siku moja tu, tungelala njaa wiki nzima. Kila mtu sokoni anajua kwamba bidhaa ina ubora wake, bei yake na msimu wake. Ni kazi ya kijana peke yake ndiyo tunaambiwa tuiuze bila kuuliza bei.

Kwa hivyo hapana, sidharau kazi ya mkono. Kupakia simiti hakujanipunguzia utu. Kinachonipunguzia ni kupakia simiti kwa 500, bila kujua kama kesho nitaitwa, halafu mtu aliyeshiba asimame kwenye harambee aniambie shida ni mtazamo wangu.

Na msituambie hiyo ndiyo mila yetu. Ukambani tunajua kazi. Hivi vilima vya Iveti mnavyoviona na matuta yake havikujilima. Watu walikusanyika kwa mwethya: leo tunalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa mjane. Kila mtu alikuja na jembe lake, na mwenye shamba alipika. Mwethya ulikuwa na hesabu kali kuliko benki. Aliyekula kwa wenzake bila kurudisha siku yake alijulikana kijiji kizima. Serikali ya kikoloni ilipouchukua huo mwethya na kuufanya kazi ya lazima ya kuchimba matuta, watu waliuchukia, ingawa jembe lilikuwa lile lile na udongo ule ule. Walijua tofauti. Kazi inayorudishwa na kazi isiyorudishwa si kitu kimoja. Wazee wetu hawakuwahi kuamini kwamba kazi ni kazi.

*

Halafu kuna ile hadithi kwamba sisi ndio kizazi cha kwanza kilichoharibika. Eti tumesoma sana vitabu, hatuna ujuzi wa mikono, tunataka ofisi.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulichapisha ripoti yake kuhusu ajira nchini Kenya. Ni ripoti maarufu duniani, ndiyo iliyoeneza habari za "sekta isiyo rasmi," ile sisi tunaiita jua kali. Na moja ya hoja zake kuu ilikuwa hii: shida kubwa ya Kenya haikuwa tu watu wasio na kazi, bali watu wanaofanya kazi, tena kwa bidii, na bado kipato chao hakiwatoi kwenye umaskini. Hiyo ni 1972. Mzee wangu alikuwa hajaanza shule.

Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba utawapa watoto ujuzi wa kujiajiri: useremala, kilimo, ushoni, biashara. Wazazi wakanunua randa na vitambaa. Kizazi hicho kilipomaliza, kikaambiwa hakina ujuzi. Mwaka 2017 ukaanza mtaala mpya wa umilisi, na sababu ni ile ile, karibu maneno yale yale. Kila kazi zikikosekana, tunabadilisha silabasi. Ni kama mtu ambaye kisima chake kimekauka, na kila mwaka anabadilisha ndoo.

Na pesa za vijana nazo? Hazina ya vijana ilianza 2006. Kazi kwa Vijana, 2009. Uwezo, 2013. Kazi Mtaani, 2020, kufyeka nyasi na kuzibua mitaro kwa shilingi 455 kwa siku. Hazina ya Hasla, Novemba 2022, mkopo unaoanzia shilingi 500. Ziweke kwenye karatasi moja utaona ni vitu viwili tu vinavyorudiwa kwa majina mapya: mkopo au kibarua. Ukiwa na bahati, vyote viwili, cha pili kulipia cha kwanza. Januari 2013, Mzee Kibaki alipozindua ujenzi wa Konza, mji wa teknolojia ambao si mbali na hapa kwetu, mimi nilikuwa shule ya msingi na mwalimu wetu alituambia tukazane na hesabu kwa sababu kazi za kompyuta zinakuja mpaka mlangoni. Nilikazana. Mlango bado uko.

Zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi walio na kazi Kenya wako kwenye jua kali. Hiyo si tabia ya vijana. Huo ndio uchumi wenyewe. Ukiwa na uchumi wa namna hiyo halafu ukamwambia mhitimu kwamba amekosa kazi nzuri kwa sababu anachagua, ni sawa na kumwambia abiria wa matatu iliyojaa kwamba amesimama kwa sababu hapendi viti.

*

Lakini pia tusidanganyane kwamba hakuna kazi ya kutuhitaji. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Walimu wa sekondari ya msingi walihitajika. Madarasa yalikuwepo, watoto walikuwepo. Wakachukuliwa watu waliohitimu, waliosajiliwa na TSC, wakaitwa wanagenzi na kupewa posho ya shilingi 20,000 kabla ya makato. Walifundisha masomo mengi kuliko waliyosomea, wakasahihisha, wakalinda mitihani. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikasema kuwachukua walimu waliohitimu na kuwaita wanagenzi ni kukiuka haki zao. Mei wakagoma. Makumi ya maelfu yao wakapewa ajira ya kudumu mwanzoni mwa 2025, na kufikia wakati huo nafasi nyingine 20,000 zilikuwa zimeshatangazwa. Za nini? Za wanagenzi.

Madaktari nao. Mwaka huo huo wa 2024 waligoma siku 56, na mfupa mkubwa uliokwama kooni ulikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: serikali ikitaka kuwapa shilingi 70,000, wao wakidai 206,000 za makubaliano ya 2017. Huyo ni mtu anayekesha wodini akikuokoa. Hata yeye aliambiwa, kwa lugha ya kizungu kizuri, kwamba kazi ni kazi.

Unaona mchezo? Kazi ipo. Wa kuifanya yupo. Kinachokatwa ni jina. Ukimwita mwalimu mwanagenzi, ukimwita karani kibarua, ukimwita mhasibu msaidizi wa dukani, bei inashuka na kazi inabaki pale pale. Mimi pale hadiwea ndiye niliyemtengenezea bosi jedwali la kumwonyesha ni mwezi gani mabati huisha na ni fundi gani hachelewi kulipa deni. Tangu hapo hajaishiwa mabati. Takwimu zangu anazitumia kila siku. Analipia mabega.

Neno lenyewe "kibarua" limetokana na barua. Ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kulipwa kwa siku ili ajulikane amefanya. Mimi nina barua kubwa, ina muhuri na saini ya mkuu wa chuo, na inanipatia kazi ya barua ndogo. Na hata hiyo ndogo sipewi. Pale dukani hakuna karatasi yoyote yenye jina langu.

Hiyo si bahati mbaya. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo haitarajiwi kuisha katika muda unaojumlisha miezi mitatu, basi mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi. Anaanza kuwa na haki: likizo, notisi, siku ya mapumziko yenye malipo. Sasa unaelewa kwa nini waajiri wengi hawapendi kuandika siku ulizofika. Siku zisipoandikwa, hazikuwepo. Vivyo hivyo vyeti. Sheria ilirekebishwa mwaka 2022 ikamkataza mwajiri kumdai mtu vyeti vya kuthibitisha hana deni wala kesi kabla hajaamua kumwajiri. Waulize rafiki zako ni mara ngapi bado wanadaiwa vyote, na pesa zao, ili waitwe tu kwa intavyuu.

*

Tunaishije basi? Tunadanganya. Mimi si wa pekee.

Kuna rafiki yangu wa darasa moja aliyetoa digrii kwenye sivii yake ili apate kazi ya ulinzi, kwa sababu walimwambia waliosoma sana wana maswali mengi. Mwingine anawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao usiku kucha, na mama yake anajua yuko kwa "teknolojia." Mwingine alienda Ghuba kuwa dereva, na picha zote anazotuma amesimama kando ya magari yasiyo yake. Mwingine anabeti. Sisi sote mitandaoni tuko sawa. Hakuna anayeandika "leo sikuitwa kazini."

Ule mkopo wa masomo nao hauna habari na uongo wetu. Siulaumu, niliukula, na deni ni deni. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, si mbaya. Lakini usipolipa, faini kwa mujibu wa masharti ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Mtu wa shilingi 8,000 na faini ya 5,000: hiyo hesabu haihitaji digrii. Mkopo ulipangwa kwa dhana kwamba mwaka mmoja baada ya chuo mtu huyu atakuwa na kazi ya kulipia. Dhana imekufa, masharti yanaishi.

Na huu uongo wetu una gharama zaidi ya aibu. Nilipompa yule binti jibu la "mambo ya hesabu," nilimnyima kitu anachokihitaji kuliko ile mia mbili. Yeye anajua tu kwamba kuna kijana wa Katelembo aliyefaulu. Akimaliza chuo na kukosa, atafikiri ni yeye peke yake. Ndivyo mimi nilivyofikiri kwa miaka miwili. Nilidhani wenzangu wote wamepata, kwa sababu nao walikuwa wakinijibu kama ninavyowajibu watu. Mwajiri anayelipa kidogo anategemea sana hiyo aibu. Haimgharimu chochote, na inafanya kazi usiku na mchana.

*

Sitamwambia yule binti asiende chuo. Wale wanaosema digrii ni karatasi tu, angalieni watoto wao wako wapi. Juni 2024 ni vijana waliosoma waliochambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu na kuueleza kwa lugha za nyumbani mpaka wazazi wakaelewa mkate unafanywa nini. Elimu hiyo ilitumika, tena siku chache tu, na nchi nzima ikaiona. Shida si elimu. Shida ni bei mnayotaka kuinunulia.

Lakini nitamwambia mambo ambayo mimi sikuambiwa.

Nitamwambia tuambiane mishahara. Mwaitu na wenzake sokoni wanajuana bei kufikia saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo maana dalali hawezi kumlipa mmoja nusu ya mwenziwe. Sisi wasomi tunaficha shilingi 500 kama vile ni siri ya jeshi. Nimeanza mimi: 500. Wewe unalipwa ngapi?

Nitamwambia aandike siku zake. Daftari la shilingi 30, tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi iliyofanywa. Kama hawatakupa kibarua, jiandikie mwenyewe.

Nitamwambia asikubali peke yake kazi ya bure inayoitwa nafasi ya kujifunza, wala asiikatae peke yake. Ukikataa peke yako, kuna mwingine kwenye foleni. Wale walimu hawakushinda kwa sababu walikuwa na mtazamo mzuri. Walishinda kwa sababu walikuwa wengi, walikuwa na karatasi, na siku moja hawakuingia darasani. Huo ndio mwethya niliokuwa nikiusema.

Na nyinyi mnaosimama kwenye harambee zetu, mkiwa na magari yanayoachwa yakinguruma nje ya geti, nina ombi moja tu. Mkija tena na bahasha, njooni pia na jibu la swali hili: kwenye kampuni yako, kwenye ofisi yako, kwenye shule yako, kuna vibarua wangapi waliofanya zaidi ya miezi mitatu, na mikataba yao iko wapi? Jibu hilo lingemsaidia yule binti kuliko bahasha. Na kama hamna, basi tieni pesa, mketi, mle muthokoi. Msitufundishe kazi.

*

Daftari langu nililianza miezi 14 iliyopita. Jana usiku nilijumlisha: siku 214. Nimeyaweka kwa safu kama nilivyofundishwa, mwezi kwa mwezi, na jumla chini kabisa. Ni jedwali safi. Mhadhiri wangu angelipenda.

Bosi hajaliona. Nikilionyesha, kuna mawili: tutakaa chini tuzungumze, au simu yangu haitalia tena jioni, na kule saiba pekee hakulishi mtu. Nimepiga hesabu ya uwezekano wa kila moja, maana hiyo ndiyo taaluma yangu, na sikupenda nilichopata. Mzee wangu anasema ningoje. Mwaitu hakusema ningoje wala nisingoje. Aliuliza tu, "Mwenzako wa kule dukani naye anaandika?"

Sijui kama anaandika. Tumebeba simiti pamoja mwaka mzima na sijawahi kumuuliza. Jumatatu nikiitwa, nitaanza na yeye.